4.46: kisa cha kopo la sodiam kaboneti kwenye stoo ya maabara, Wete

Hichi kisa nakiandika kirefu kwa sababu naamini walimu wengi wa kemia huku kwetu visiwani wanapita njia hii hii bila kujua, na anayelipia ni mwanafunzi. Nilikuwa nasomesha fomu foo skuli moja Wete, Pemba, mwezi wa pili, joto la kaskazi limeshika khasa, na tulikuwa tunawaandaa vijana kwa mtihani wa vitendo. Swali lenyewe la kila siku, yeyote aliyesoma kemia ashakutana nalo: umepewa solusheni ya sodiam kaboneti yenye maji ya fuwele, yaani maji yaliyofungwa ndani ya fuwele yenyewe, Na2CO3.xH2O, gramu 14.3 ndani ya lita moja, ipime kwa asidi ya haidrokloriki ya 0.1 M (moli 0.1 kwa lita), kisha tafuta x, idadi ya maji hayo kwa kila kaboneti moja. Jibu kila mtu analijua kabla hajaingia maabara, ni 10.

Kwa aliyesahau hesabu, moli moja (moli ni fungu la kuhesabia chembe kwenye kemia) ya sodiam kaboneti kavu ni gramu 106, maji kumi kila moja 18 ni 180, jumla 286. Maana yake ukishika gramu 100 za ile fuwele safi, karibu gramu 63 ni maji matupu, na mkononi unaiona kavu kama kokoto. Gramu 14.3 ni moli 0.05, na kwa vile kaboneti moja inataka asidi mbili, mili 25 za solusheni hiyo zinamalizwa na mili 25 za asidi. Pipeti inayochota kaboneti 25, bureti inayodondosha asidi 25, ndio uzuri wa swali lenyewe.

Basi kundi la kwanza wakaja na mili 38.5 za asidi.

Nikasema hawa wameacha hewa kwenye ncha ya bureti, hewa ikitoka katikati ya kazi inajihesabu kama asidi. Nikawarudisha. Kundi la pili 38.3. Kundi la tatu 38.4, na hawa niliwasimamia mwenyewe, bureti nimeikagua kwa jicho langu, methili oranji, ile rangi inayoonyesha asidi imetosha, ilikaa njano mpaka 38 ikapita ndo ikageuka pinki ghafla, tone moja tu. Sasa watu kumi na kitu wakikosea kila mtu anakosea kivyake, mmoja 36 mwengine 41. Hawa walikuwa wamekaa ndani ya mili 0.2. Hapo ningetakiwa nisimame pale pale, lakini kipindi kilikuwa kinakwisha nikawaambia wamalizie hesabu tukusanye karatasi.

Usiku nikakaa kusahihisha. Zaidi ya nusu ya darasa wameandika x = 10. Kwa namba 38.4 haiwezekani kabisa kupata 10, ukifuata njia yao unaona pahala walipoikunja, mmoja kagawa mara mbili, mwengine katia 25 pahala pa 38.4, na wengine hawakujificha hata kidogo, mstari wa mwisho tu 10. Wachache wameandika 5 au 4. Na binti mmoja anayekaa dawati la mwisho, mkimya, kaandika x = 4.46, kapiga mstari chini yake, na pembeni kaandika kwa penseli "Maalim nimerudia mara tatu". Mwongozo wa kusahihisha ulikuwa unasema 10, alama tatu. Nikamuwekea mkasi.

Lile neno la penseli halikunipa usingizi. Nikaamka nikaifanya hesabu yake upya. Mili 38.4 za asidi ya 0.1 M ni milimoli 3.84, nusu yake 1.92 ndio kaboneti iliyokuwemo kwenye mili 25, kwa hivyo solusheni ni 0.0768 M badala ya 0.05. Gramu 14.3 gawa kwa 0.0768 unapata 186.2. Toa 106 inabaki 80.2, gawa kwa 18, 4.46. Hesabu haina kasoro hata chembe.

Kwa hivyo ama asidi yangu ilikuwa dhaifu kuliko tulivyoandika, ama kwenye solusheni kulikuwa na kaboneti nyingi kuliko tulivyodhani.

Asubuhi nikamkuta mwalimu mwenzangu, yeye kasomesha miaka mingi kuliko mimi, akaniambia, "Sheikh, asidi hiyo, chupa ile inafunguliwa kila siku, itakuwa imepungua nguvu." Ilikuwa hoja ya maana, na nilitaka kuipima bila kutumia kitu chochote kilichotoka kwenye lile kopo. Nikatuma kijana dukani akalete bekin soda, nikamsisitiza isiwe bekin pauda, maana ile imechanganywa na unga na asidi. Bekin soda ni sodiam baikaboneti, ukiichoma vizuri inavunjika, gramu 168 zinatoa mvuke na kabondaioksaidi zinabaki gramu 106 za sodiam kaboneti kavu. Nikaichoma mpaka uzito ukasimama, nikapima gramu 5.30 ndani ya lita, hiyo ni 0.05 M. Titresheni, yaani kule kupima kwa asidi ya bureti, ikatoa 25.1. Asidi haina kosa.

Hapa niingize jambo, kwa sababu wanafunzi wanalichanganya sana. Maji yaliyotoka kwenye ile bekin soda sio maji ya fuwele. Hayakuwemo kama maji, yameundwa pale pale molekyuli ilipovunjika. Maji ya fuwele ni mengine, yapo mazima kama maji, yana viti vyao ndani ya fuwele vilivyohesabiwa. Kwenye hii sodiam kaboneti kila sodiam imezungukwa na maji sita, na sodiam mbili zinakaa ubavuni zikichangia maji mawili, sita na sita toa mbili, ndio ile kumi. Kumi si namba ya kukariri, imetoka kwenye mpangilio wa viti. Na magadi yale ya Ziwa Natron yanayouzwa sokoni yana yote mawili kwa pamoja, kaboneti na baikaboneti na maji mawili ya fuwele, ukiyachoma unapata maji ya aina zote mbili kwenye mvuke mmoja, kwa hivyo hayafai kumfundishia mtu anayeanza.

Baada ya asidi kusafika nikaenda stoo. Mzee wetu wa stoo, sote tunamwita Babu, akanishushia kopo kutoka rafu ya juu kabisa, ile inayokaribia bati. Lebo safi, inasomeka vizuri, Na2CO3.10H2O, uzito wa moli 286.14. Kifuniko kimekaa upande, uzi wake umekatika, ukikikaza kinazunguka tu.

Nikamimina kidogo kwenye karatasi. Fuwele mpya za chumvi hii zinang'aa, unaona mpaka upande wa pili kama barafu. Zilizotoka pale zilikuwa nyeupe kama unga wa sembe, na katikati ya unga mabonge mabonge. Nikachukua bonge moja kubwa kiasi cha kokwa ya tende nikalivunja kwa kijiko, na wallahi nililiangalia kwa muda mrefu: nje ganda la unga mweupe unaopukutika kwa ukucha, ndani kabisa kijiwe cha kioo, angavu, baridi kidogo ukikigusa. Yaani ile fuwele ilikuwa inakauka kutoka nje kwenda ndani na haijamaliza. Nikamuita mwenzangu aje aone.

Akaangalia, akatikisa kichwa. "Pemba hii, sheikh? Chumvi jikoni kwangu inalia machozi, masika hata kibiriti hakiwaki, wewe unaniambia kopo limekauka kwa hewa?"

Hili swali lake ndilo kiini cha kisa chote, na sikumjibu vizuri siku ile, nimelijibu baadae.

Kila chumvi ina makubaliano yake na hewa. Chumvi ya kula safi inaanza kuvuta maji hewa ikishafika unyevu wa kama asilimia 75, na ile chumvi ya bahari isiyosafishwa ina magnesiam kloraidi ndani yake, hiyo inavuta mapema zaidi, ndo mana inalowa kwenye kopo hata siku usiyoitarajia. Sodiam kaboneti yenye maji kumi imesimama upande wa pili, yenyewe ndiyo imebeba maji mengi na inayasukuma nje kwa nguvu, na nguvu hiyo inakua haraka sana joto likipanda. Hewa ile ile inayoilowesha moja inaikausha nyengine, na hakuna mgongano hapo. Halafu kuna mpaka wa joto ambao unyevu hausaidii kitu, ikipita kama digrii 32 fuwele ya maji kumi haiwezi kusimama tena, inageuka ya maji saba, ikipita 35 na kidogo inakuwa ya maji moja tu, na maji yaliyoachiwa yanaiyeyusha ile chumvi ndani ya maji yake yenyewe. Ndio mana tulikuta mabonge, ile chumvi ilikuwa ikiyeyuka mchana na kuganda usiku. Nikatundika kipimajoto kwenye ile rafu, saa nane mchana kikasoma 37. Sakafuni pa chumba kile kile, 30. Kopo limekaa pale juu kaskazi ngapi, kifuniko hakibani.

Lakini maelezo mazuri sio ushahidi, na mimi nilitaka namba ya pili isiyopitia asidi wala bureti. Tukaamua kuchoma, na nikamuita yule binti aje afanye yeye, baada ya vipindi, na wenzake watatu.

Tulipima kikombe cha udongo kitupu, gramu 24.36. Tukatia gramu 5.00 za unga uliosagwa pamoja na mabonge, hili la kusaga ni muhimu, ukichota unga wa juu peke yake unapata jibu jengine. Jumla 29.36. Moto mdogo kwanza, kwa sababu ukiwasha mkali chumvi inayeyuka kwenye maji yake ikaanza kuruka nje kama mafuta yaliyoingia tone, na kila punje inayoruka unaihesabu kama maji. Ikatokota, ikanata, ikakauka, tukaongeza moto. Kupoza ndiko kulikotutia taabu, huwezi kuacha kitu kikavu kipoe kwenye hewa ya Pemba, kinaanza kunywa hapo hapo. Desiketa, chombo cha kupozea vitu vikavu bila unyevu, tulikuwa hatuna. Binti akauliza kwani hatuwezi kutumia mrututu, ile kopa salfeti ya bluu, maana somo la nyuma tulichoma mrututu ukageuka mweupe na ukarudi bluu kwa tone la maji. Nikafurahi mpaka nikacheka. Tukachoma kijiko cha mrututu mpaka weupe, tukauweka kwenye kibakuli ndani ya hotipoti yenye mfuniko mzuri, na kikombe chetu tukakipozea humo humo. Mrututu mweupe unavuta unyevu, na ukiwa umeshavuta unakuambia wenyewe kwa kubadilika rangi. Mwisho wa kazi ulikuwa umeingia bluu hafifu pembeni tu.

Mara ya kwanza 27.43. Tukarudisha motoni, 27.21. Tena, 27.19. Tena, 27.19, ikasimama. Watoto walikuwa wanataka kuacha kwenye ile ya kwanza, jua linazama na wawili wanakaa mbali, nikawaambia wakiacha pale watakuwa wamebakisha maji ndani na x itatoka ndogo. Wakakubali kukaa.

Kilichobaki 27.19 toa 24.36, gramu 2.83 za kaboneti kavu. Kilichotoka gramu 2.17 za maji. Moli 0.0267 kwa moli 0.1206. Binti akagawa mwenyewe kwa simu, akasema pole pole, "Nne nukta tano mbili."

Titresheni ilisema 4.46, moto umesema 4.52, njia mbili zisizojuana. Kopo lingekuwa la kweli kama lebo inavyosema, gramu 5 zingepoteza 3.15, na sie tumepoteza 2.17.

Sasa mwenzangu akauliza swali zuri, chumvi gani ina maji manne na nusu? Hakuna. Zile zinazojulikana ni za maji moja, saba na kumi. Ndo hapo ile nukta inapokuwa na faida, kwa sababu wastani usiokuwa namba kamili unakuambia una mchanganyiko. Chukulia ni ya maji kumi na ya maji moja peke yake, sehemu f ni ya kumi, 10f jumlisha (1 toa f) iwe 4.46, f inatoka 0.38 na kidogo. Yaani katika kila moli 100 za kaboneti mle ndani, kama 38 bado zimeshika maji yao yote na 62 zimebaki na moja moja. Kijiwe cha kioo ndani ya bonge na ganda la unga nje, vyote viwili vimo ndani ya namba 4.46. Aliyeikunja ikawa 5 kaifuta hiyo habari yote, na aliyeandika 10 kaandika lebo tu.

Na makosa haya yana upande wake, hayaendi ovyo. Chumvi ikipoteza maji, ukiipima kwa uzito wa lebo unatia kaboneti nyingi kuliko unavyotaka, asidi inatumika nyingi. Kopo letu lingekauka mpaka maji moja kabisa, gramu 14.3 zingekuwa 0.115 M, mtoto angemwaga mili 57 na zaidi, bureti ya 50 inamalizika na solusheni bado njano. Fikiria hilo linatokea siku ya mtihani wenyewe, chumba kizima, na msimamizi haruhusiwi kusema kitu.

Tulivyolitengeneza. Fikra ya kwanza ilikuwa tupime gramu 9.31 badala ya 14.3, maana 186.2 mara 0.05 ni hiyo. Nikaikataa, kwa sababu kopo lina mabonge na unga, kila kijiko kitakuwa na x yake, na kesho litakuwa limekauka zaidi. Kwa mazoezi ya kawaida tukaamua kuchoma mpaka kavu na kupima 5.30 kwa lita, hapo huna haja ya kuuliza maji mangapi. Kwa swali la kutafuta x, unahitaji fuwele ya kweli ya maji kumi, na hiyo tuliitengeneza wenyewe: tukayeyusha unga kwenye maji ya vuguvugu mpaka yakakataa kupokea zaidi, tukachuja, tukaweka chupa ndani ya friji la ofisini usiku kucha. Maji yakishapoa kwenye friji hayabebi zaidi ya kama robo ya kile yalichobeba yakiwa vuguvugu, kilichozidi kinatoka kama fuwele, na kwa vile ni chini ya 32 inatoka ile ya maji kumi. Asubuhi tukafungua, zimejipanga ndefu, angavu, nyengine urefu wa kidole. Watoto wakazipitisha mkono kwa mkono mpaka nikawakataza, joto la viganja linaziharibu.

Tukazikausha kwa kuzibana kati ya karatasi za chujio, bila jua wala feni, na tukapima 14.3 haraka. Titresheni 24.8. x ikatoka 10.1. Ile nukta moja juu ya kumi ni maji ya juu juu ambayo karatasi haikuyamaliza, hayo sio ya fuwele, ni ya kulowa tu, na nikawaacha waandike 10.1 kama ilivyo pamoja na sababu yake.

Kopo la zamani halikutupwa. Babu kalihamishia rafu ya chini, kalibadilisha mfuniko kwa mfuniko wa chupa ya kahawa unaobana, na juu ya lebo ya kiwandani kabandika karatasi iliyoandikwa kwa mkono: x = 4.5, mwezi wa pili, ichomwe kabla ya kupimwa. Makopo mengine ya chumvi zenye maji nayo yote yameteremka kutoka kwenye bati, na mwezi ule ule tulipima mrututu wetu tukakuta umepoteza asilimia 36 kama inavyotakiwa kwa maji matano, huo ni mzima.

Darasa nililirudishia karatasi upya. Waliolazimisha 10 niliwafutia alama za hesabu, na niliwaeleza mbele ya wote kwa nini, bila kumtaja mtu. Ile karatasi ya penseli nilimpelekea mwenyewe dawatini, mkasi nimeukata, alama tatu kamili. Akaiangalia, akauliza, "Maalim, sasa masika ikiingia, ule unga utarudi kuvuta maji?" Nikamwambia apime sahani moja leo, aandike uzito, aiweke pale chini, na awe anaipima kila Ijumatatu. Hadi naandika hapa yupo wiki ya tatu.